Mkono Ambao Haukukandwa

Siku ya thelathini na moja kidonda cha chanjo kilikauka, na Bi Somoe Chituta akapata ruhusa ya kuushika mkono wa kulia wa mtoto.

Mwezi mzima alikuwa akiupita tu mkono huo, kama jirani mliyenuniana naye. Nesi wa zahanati ya kambi alisema tangu siku ya kwanza kwamba mkono wenye chanjo usikandwe, usivutwe, usifungwe kitu. Bi Somoe hakuwa mtu wa kufundishwa kukanda na binti aliyemkanda mwenyewe alipozaliwa. Lakini alitii. Alinuna, akatii, akavikanda viungo vyote vilivyobaki kwa bidii maradufu, kama vile alitaka kumkomoa nesi.

Kambi hiyo ilikuwa juu ya uwanda wa Rondo, Lindi, chini ya minara mia mbili ya upepo iliyopanda kupita mawingu. Wakazi wake walikuwa wapanda minara, watu wa kamba na mikanda, waliokwenda kazini wima. Wake zao walizaa, na wengine kati ya wapandaji walikuwa wanawake nao wakazaa, na kila aliyezaa aliletewa Bi Somoe. Kulikuwa na mashine za kila namna hapo kambini, hata ya kumwogesha mtoto, lakini kumkanda mzazi na mwanawe kwa siku arobaini hakuna aliyethubutu kumpa mashine.

Asubuhi hiyo aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto Arafa juu ya mapaja yake, akachovya vidole kwenye mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Akaanza na miguu, kama kawaida. Magoti kwa Bi Somoe yalikuwa milango: yana bawaba, yanafunguka upande mmoja tu, nawe unayakunja mpaka tumboni na kuyakunjua, basi. Nyonga ilikuwa mchi ndani ya kinu, yaani unaupeleka mguu nje, unaurudisha ndani, unauzungusha mara tatu. Vifundo vya miguu na vya mikono ni kokoto ndogo zinazoteleza, na kokoto hazikandwi kwa nguvu. Shingo huzunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, na hapo mkandaji hupunguza hata pumzi. Alipomaliza mkono wa kushoto, akaushika wa kulia.

Akakikunja kiwiko, kikakunjika. Akakikunjua, mkono ukanyooka mpaka pale ambapo kila kiwiko alichowahi kukishika kilisema basi.

Hiki hakikusema. Kiliendelea. Kikakunjika kwa nyuma, taratibu, laini, bila mlio na bila kilio, mpaka vidole vya mtoto vikagusa bega lake mwenyewe kwa upande wa mgongoni. Arafa akapiga mwayo.

Bi Somoe aliurudisha mkono haraka. Alidhani ameuvunja. Alipapasa mfupa, akapapasa mishipa, hakuna kilichovunjika. Akajaribu tena, safari hii kwa vidole viwili tu, akausukuma mkono upande. Ukaenda upande. Akauzungusha. Kiwiko kikazunguka kama bega, duara zima, na kila kilipopita kilikuwa kitamu mkononi, hakina kwazo, hakina hitilafu. Nywele zilimsimama kuanzia kisogoni. Amewakanda watoto mia nne na zaidi, na hajawahi kushika kitu kama kile. Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya hofu au ya nini.

"Siwema!" aliita. "Siwema, mwanangu, hebu njoo!"

Siwema, mama wa Arafa, alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga, kitambaa kichwani, akitembea kwa yale magoti yake ambayo kambi nzima iliyajua. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka mnarani, magoti yote mawili yakasagika, wakamwekea mapya, yanayokunjika polepole kama mashine.

"Kuna nini, bibi?"

"Mkono huu umewahi kuutazama?"

"Wa kulia? Si uko laini tu?" Siwema aliinama. "Mimi ni mtoto wangu wa kwanza huyu. Nilidhani watoto wote ndivyo walivyo."

Bi Somoe akamwonyesha. Siwema akaketi chini pale pale, magoti yake yakimshusha polepole.

*

Dakta Nandonde wa zahanati ya kambi alikuja na kipimapembe chake, akakaa nao kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye haya, mtu wa kuomba samahani hata kwa kiti alichokikalia. Alipima kiwiko cha kulia mara kumi na mbili, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Ni gegedu," alisema mwishowe. "Lile la mama yake."

Siwema akayatazama magoti yake.

Bi Somoe alijua gegedu ni nini. Ni ile nyama ngumu inayong'aa mwishoni mwa mfupa wa kuku, inayofanya mfupa usisage mfupa mwenzake. Lakini la Siwema halikuwa la kawaida. Waliliita gegedu sikivu. Lilikuwa hai na halikuwa na umbo. Ukiliweka gotini halijui kuwa ni goti. Ndiyo maana Siwema alilala siku arobaini kwenye kitanda cha kufundishia, mashine ikimkunja na kumkunjua usiku na mchana, kukunja, kukunjua, mpaka gegedu likaelewa linatakiwa kuwa nini, likaganda hivyo.

"Chembe zake zimevuka kwenda kwa mtoto tumboni," Dakta alisema. "Hatukutegemea. Samahani. Kila kiungo cha Arafa kimezaliwa hakijui kitakuwa nini. Kinangoja kufundishwa."

"Mbona mkono wa kushoto ni mzima?" Bi Somoe aliuliza. "Na miguu? Nimeishika mimi mwenyewe. Goti lake ni goti."

Dakta alimtazama, akainamisha macho.

"Kwa sababu umeishika wewe mwenyewe, bibi. Umeikunja na kuikunjua kila asubuhi kwa mwezi mzima. Umeifundisha. Usingeambiwa uuache mkono wa chanjo, na huo nao ungekuwa na kiwiko kama changu, na hakuna ambaye angejua lolote mpaka mwisho wa dunia."

Bi Somoe aliitazama mikono yake iliyong'aa mafuta. Alikuwa akiamini, miaka yote, kwamba anachofanya ni kuamsha kilichomo. Kumbe safari hii, bila kujua, alikuwa akiumba. Wazo hilo lilimtisha, na kwa siri, mahali ambapo asingemwonyesha mtu, lilimfurahisha, naye akajionea aibu.

"Sasa huu?" Siwema aliuliza.

"Siku ya arobaini utaganda jinsi ulivyo. Tuna siku tisa. Naweza kuleta kitanda kidogo cha kufundishia. Siku mbili zinatosha kwa mtoto, utakuwa na kiwiko cha kawaida maisha yake yote. Au tuuache."

"Tukiuacha atakuwaje?"

"Sijui, mama Arafa. Hakuna mtu mwenye mkono huo." Alikipapasa kipimapembe. "Ninachojua ni kwamba kiungo hupata nguvu kutokana na kile ambacho kinakataa kufanya. Goti likiwa huru kwenda kote, mtu hasimami. Tunasimama kwa sababu goti linakataa kurudi nyuma. Kiwiko kinachokwenda kote kinaweza kuwa kamba tu. Kamba huenda popote, lakini huwezi kuisukumia mlango."

"Na kinaweza kuwa zaidi ya kamba?"

Mkono wa Arafa ulikuwa hewani, ukijigeuza polepole, kiganja kikitazama dari, kisha ukuta, kisha dari tena kwa njia nyingine kabisa, na wote watatu walikuwa wakiutazama.

"Kinaweza," Dakta alisema.

*

Siku nne Siwema hakuzungumzia jambo hilo. Mumewe, Mfaume, alikuwa juu ya minara ya kaskazini kwa zamu ya miezi miwili, na alipopigiwa simu alilia kidogo, kisha akasema lolote atakaloamua mkewe na Bi Somoe yeye yuko radhi. Siku ya tano, akikandwa mgongo, Siwema akasema huku amelala kifudifudi:

"Ufundishe, bibi."

Mikono ya Bi Somoe ikasimama.

"Wewe unajua nimeishi vipi na magoti haya," Siwema aliendelea. "Nikiingia dukani watu wanatazama chini kabla hawajanitazama usoni. Watoto walinifuata nyuma wakiigiza ninavyokaa. Mimi ni mtu mzima, nikawacheka. Yeye je? Atachezwa shere mpaka achoke kuishi. Nataka mtoto ambaye hakuna anayemgeukia njiani."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nitamwambia Dakta alete kitanda."

"Kitanda sitaki." Siwema aliinua kichwa. "Kile nakijua. Kinakunja mtu na hakimjui. Ufundishe wewe. Wa kushoto umetoka vizuri, na huu utatoka vizuri. Niahidi."

Bi Somoe aliahidi. Kumkatalia mzazi aliye ndani ya arobaini ni jambo ambalo hakulelewa nalo, na isitoshe aliona ni haki. Mama ndiye mama. Yeye ni mikono tu. Alijiambia hivyo akienda kwake, akajiambia tena akila, kisha akaisukuma sahani.

*

Siku ya thelathini na sita alipasha mafuta, akanyoosha miguu mkekani, akamlaza Arafa. Siwema aliketi karibu akiwa ameshika kitambaa, kama aliyekuja kuaga mtu. Dakta Nandonde alisimama mlangoni na kitabu chake.

"Bismillahi," Bi Somoe alisema, akaushika mkono wa kulia, akaukunja.

Ukakunjika. Akaukunjua, ukanyooka. Mpango ulikuwa rahisi: mara mia asubuhi, mara mia alasiri, mbele tu, kurudi nyuma kwa njia ile ile, kamwe usiguse njia nyingine. Gegedu litaelewa. Akakunja mara ya pili. Mara ya tatu, mkono uliponyooka, vidole vyake vikasikia kitu.

Aliacha. Akasogeza kiwiko kidogo nyuma, kiasi tu cha kuhakikisha. Siku tano nyuma kilikwenda bila kikomo. Leo kilikwenda nusu ya njia, kikasimama. Hakikugoma kwa ulegevu wala kwa maumivu. Kilisimama jinsi mlango unavyosimama ukifika kwenye fremu yake.

"Dakta," alisema taratibu, "hebu lete hicho chombo chako."

Akaupeleka mkono upande wa nje. Ukaenda robo, ukasimama imara. Akaugandamiza hapo, kidogo, halafu zaidi kidogo. Ulihimili. Mkono wa mtoto wa siku thelathini na sita ulizuia kidole chake bila kutetereka. Akauzungusha kwa ndani, chini kwa chini, kuelekea mbavuni. Huko ulipita kwa ulaini wa ajabu, kona juu ya kona, njia ndefu iliyopinda ambayo hakuna kiwiko cha binadamu kilichowahi kuipita, na mwisho wa njia hiyo nako kulikuwa na kituo.

Dakta alipima. "Si kamba," alinong'ona. "Una mipaka. Si mipaka yetu, lakini ipo... una mpangilio, bibi. Mtu ameufundisha huu."

"Hakuna aliyeugusa."

"Haiwezekani. Gegedu halijifundishi lenyewe. Lazima kuna aliyekuwa akiupeleka njia hiyo hiyo, tena na tena, kila siku."

Bi Somoe alimtazama mtoto. Arafa alianza kusumbuka, akatafuta huku na huku kwa mdomo, njaa imempata. Siwema, kwa mazoea, akamchukua, akafungua kanga, akampa titi. Hapo ndipo Bi Somoe alipoona kile ambacho amekitazama kila asubuhi kwa siku thelathini na sita bila kukiona, kwa kuwa ni mkono alioununia.

Mkono wa kulia ulishuka chini ya titi, ukapinda kwa ndani, ukapita ubavuni mwa mama, ukapinda tena kwenda nyuma, na kiganja kikatua mgongoni mwa Siwema. Kikatulia pale. Watoto wa umri huo hushika kilicho mbele yao, kanga au kidole. Huyu alikuwa amemkumbatia mama yake mzima.

"Ndivyo anavyonishika siku zote?" Bi Somoe aliuliza.

"Tangu alipozaliwa," Siwema alisema. "Mwanzo ulikuwa unateleza, unaanguka. Siku hizi unafika."

Dakta Nandonde aliketi sakafuni bila kumwomba mtu samahani.

Bi Somoe alilia, safari hii akijua kwa nini. Aliwaza juu ya mkono ule uliokatazwa kuguswa, ukilala peke yake kila asubuhi wakati wenzake wakipakwa mafuta na kuambiwa nini cha kuwa. Wote walidhani haufanyi kitu. Kumbe ulikuwa kazini. Mara nane, mara kumi kwa siku ulikuwa ukiitafuta njia, ukianguka, ukirudi, na mfupa na gegedu vikitengenezwa kwa ajili ya jambo moja tu alilolitaka mwenyewe. Ilimjia hofu ya heshima, ile ambayo mtu huipata akiingia mahali pa ibada, akatamani kuvua viatu, na viatu alishavivua.

"Siwema," alisema. "Mimi nilikuahidi."

"Uliniahidi."

"Sitaweza."

"Bibi!"

"Nisikilize. Nilidhani nakifundisha kitu ambacho hakijui. Kingekuwa hivyo ningekukunjia mpaka vidole vyangu vife ganzi. Lakini huu unajua. Mkono wa kushoto ni wangu mimi, niliuchukua bila kujua na Mungu anisamehe. Huu wa kulia ni wake. Siwezi kuingiza mkono wangu humo nikamfuta mtu."

"Ni mtoto mchanga! Anajua nini?" Siwema alipaza sauti, Arafa akashtuka, kiganja kikamkaza mama mgongoni. "Wewe utakufa, bibi, mimi nitakufa, yeye atabaki na mkono huu mbele za watu! Nani atamtetea?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi niletee mashine! Dakta, niletee!"

Dakta alisimama. Alimtazama Bi Somoe, akamtazama Siwema, na kwa mtu mwenye haya kama yeye ilikuwa kazi kubwa kusema. "Nitaleta ukitaka, mama Arafa. Ni haki yako. Lakini ni lazima nikwambie mapema. Kitanda kinafunga njia zote isipokuwa ile ya mbele. Hii ya kwenda mgongoni haitakuwepo tena."

"Hatanishika tena?"

"Atakushika. Kama watoto wengine wanavyowashika mama zao."

Nje, juu sana, minara iliunguruma. Siwema aliinamisha kichwa, na Bi Somoe aliona jinsi mgongo wake ulivyojinyoosha polepole ukiegemea nyuma, ukikitafuta kile kiganja kidogo na kujilaza juu yake. Alikaa hivyo mpaka mtoto aliposhiba na kusinzia. Hata usingizini mkono haukuondoka.

"Usilete," alisema.

Halafu akauliza: "Na wa kushoto, bibi? Umeshaganda?"

Bi Somoe alimgeukia Dakta. Dakta akahesabu vidoleni kama mtoto wa shule. "Bado siku nne. Umefundishwa sana huo. Sidhani. Lakini usiposhikwa kabisa kuanzia sasa..."

"Hautashikwa," Bi Somoe alisema.

*

Bi Somoe hajawahi kupata adhabu kubwa kama ile. Kila asubuhi alikuja, akamkanda mama, akamwogesha mtoto kwa maji yanayotiririka bila kumgusa kiwiko, akamlaza mkekani, akaketi kumtazama. Vidole vyake vilimuwasha. Aliona mkono wa kushoto ukikunjika na kukunjuka, mbele na nyuma kwa njia ile ile moja, njia yake yeye, na kila ulivyofanya hivyo alisikia kama anasomewa mashtaka.

Siku ya arobaini ilifika. Uani wanawake walikuwa wakipika, wakicheka, wakigombania nani atamtoa mtoto nje kwanza. Dakta Nandonde alikuwa ameshapima tangu alfajiri: wa kulia umeganda katika njia zake zote, imara, wa kushoto ni bawaba, kama ulivyokuwa, nao utamaliza kuganda magharibi. Alisema pole. Bi Somoe akaitikia, akabaki peke yake na mtoto mkekani huku Siwema akivalishwa chumbani.

Arafa alikuwa macho. Mkono wa kulia ukapanda, ukajigeuza, ukapita juu ya kifua kwa ile njia iliyopinda, ukafika chini ya mkono wa kushoto, ukaukamata karibu na kiwiko. Ukauvuta. Ukateleza, ukaanguka. Ukarudi, ukaukamata tena, ukaupeleka kidogo upande wa nje, mahali ambapo Bi Somoe hakuwahi kuupeleka.

Kiwiko cha kushoto kilikataa. Mkono wa kulia ukaanguka, ukarudi.

"Bibi, tunamsubiri mtoto!" Siwema aliita kutoka chumbani. "Umeshamvalisha?"

"Bado," Bi Somoe alijibu. "Mwache kwanza. Ana kazi."

Mara ya saba, au ya nane, kiwiko cha kushoto kilisogea. Kilisogea upana wa punje ya mchele, kikasimama. Bi Somoe aliingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.